Mama Kwa Nini, Aliyemtetea Mpinzani Wake

Shangazi yetu mpendwa, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kwa Nini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1974 akahitimu shahada ya historia. Miaka miwili baadaye aliajiriwa chuo kikuu, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2014.

Mwaka 1979 aliolewa na daktari wa meno, mtu mpole aliyependa kusema, "Mimi nashughulikia midomo ya watu; mke wangu anashughulikia yanayotoka humo."

Mwaka 1993 alikuwa mkuu wa idara. Mhadhiri mwenzake akachapisha utafiti kuhusu jinsi mashamba ya umma yalivyogawanywa, na wakubwa wakakasirika. Yeye na shangazi hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Shangazi aliuona utafiti huo dhaifu, na alimwambia hivyo mbele ya idara nzima. Mkuu wa chuo akadhani amepata mshirika. Akamwita ofisini, akamtaka apendekeze mhadhiri afukuzwe.

"Mama, wewe mwenyewe umesema kakosea."

"Nimesema, mzee. Na yeye ana haki ya kunijibu. Mkimfukuza, nitabishana na nani?"

Mhadhiri alifukuzwa hata hivyo, naye shangazi akavuliwa ukuu wa idara, akahamishiwa chumba kilichovuja nyuma ya maktaba. Hakutetereka. Aliwafuata wahadhiri mlango kwa mlango, hata waliomkwepa kwenye ngazi, mpaka wakakubaliana kutosahihisha mtihani wowote mwenzao asiporudishwa. Baraza la chuo likasalimu amri, likapitisha kanuni kwamba hakuna mwalimu atakayefukuzwa kwa alichofundisha au alichotafiti. Kanuni hiyo ipo hadi leo. Mhadhiri aliporudi darasani, shangazi alikaa kiti cha mbele, akauchambua utafiti wake kama karanga.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2021. Mhadhiri yule alimtembelea hospitalini mara kwa mara, wakabishana hadi muuguzi akaja kumtoa nje.

"Mwache, mwanangu," shangazi alisema. "Hajamaliza kukosea."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watano na kaka mmoja. Mhadhiri naye tumemwomba aketi nasi, safu ya familia.

Apumzike kwa amani, mwanamke ambaye hakuwahi kuinunua amani kwa kunyamaza.