Abla Inshirah na Shujaa Anayebisha Hodi

…na ndiyo maana nasema, hata keki ya jana haikutosha kumuaga. Miaka thelathini na miwili! Abla Inshirah Abdulmaujud, dada yetu mkubwa wa meza ya barua za wasomaji, anastaafu tarehe 30 Aprili, na mimi, bibi harusi wa wiki sita, nimepewa heshima ya kumwandika katika jarida letu. Mnisamehe nikitaja mapenzi mara nyingi. Kazi yetu hapa Iskandaria ni hiyo hiyo: riwaya ndogo za mapenzi na hatari, za kutia mfukoni na kusoma kwenye tramu.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minane. Wasichana waliandika kutoka kila pembe ya Misri, wakiwaulizia mashujaa wetu kana kwamba ni majirani. Siku yangu ya kwanza kazini Abla alinieleza kwa nini. "Si kifua wala bastola, we binti. Msichana anapotea ukurasa wa arobaini, na yupo mtu mmoja anayegundua kuwa hayupo. Basi. Hilo tu ndilo wanalolilia." Na shujaa wa kike? Huyo anapendwa kwa kuwa magoti yanamgongana, na bado anashuka ngazi za ghala na njiti moja ya kiberiti.

Halafu kuna barua ya Wisal. Abla ameniruhusu niieleze, na Wisal pia.

Wisal alikuwa mshonaji wa mji wa Damanhur. Katika mwaka wa tisa wa Abla kazini, aliandika kwa furaha kwamba mchumba wake anamfuata kila aendako, anamvizia chini ya ngazi, na amechongesha ufunguo wa mlango wa kwao bila kumwambia mtu, sawasawa na nahodha wa riwaya yetu. "Abla, haya si ndiyo mapenzi?" Abla, kwa ile sauti changamfu tuliyoagizwa kuitumia, akajibu: "Hongera, mwanangu! Umempata nahodha wako."

Wisal aliikunja barua ile ya majibu, akaolewa nayo mkobani. Mwezi wa nne wa ndoa, mume alimfungia chumbani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akaruka kutoka roshani ya ghorofa ya tatu. Hakutembea tena.

Dada yake Wisal ndiye aliyeturudishia ile barua ya Abla. Ipo mpaka leo chini ya kioo cha meza ya Abla. Wengi wetu tulidhani ni kumbukumbu nzuri.

Tangu hapo hakuna riwaya iliyotoka hapa bila sharti lake: shujaa avunje mlango wa jambazi, hata wa gereza akitaka, lakini kwa mpenzi wake abishe hodi, na asubiri. Ustadh Fikri, mwandishi wetu mkongwe, alifura. "Shujaa gani anabisha hodi, Abla? Kwani amekuja kusoma mita ya umeme?"

"Msoma mita hufunguliwa, Fikri. Wewe jaribu kwako tuone."

Chai ilimwagika kwa vicheko. Fikri aliandika upya sura nzima, na kitabu kile kimechapwa mara tatu.

Ambalo wengi wetu hatukulijua ni Alhamisi zake. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kwa miaka ishirini na mitatu, amepanda treni kwenda Damanhur na mswada mkobani. Wisal ndiye msomaji wetu wa kwanza. Mashujaa hakuacha kuwapenda. Siku ile ya mwanzo Wisal aliweka kidole kwenye ukurasa ambapo shujaa anaingia kwa mpenzi wake bila kubisha, akamwambia Abla: "Hapa. Hapa ndipo ningekimbia, kama ungeniambia."

Wiki yangu ya pili ya ndoa nilinuna, nikajifungia chumbani. Hatim wangu alibisha hodi mara moja. Nilipofungua baada ya nusu saa, alikuwa amekaa sakafuni, sahani ya keki ya basbusa mapajani. Ee Mungu, nilivyompenda! Kisha nikamkumbuka Wisal, nikalia mpaka basbusa ikawa na chumvi.

Abla, asante kwa kila ukurasa uliotukatalia. Mungu akupe siku nyepesi na dirisha linaloona bahari. Najua magoti yako hayaziwezi tena ngazi za stesheni, na kwamba katika kustaafu unaogopa jambo moja tu. Usiogope. Mswada mpya ninao. Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, nitakuwa mlangoni kwa Wisal. Nitabisha hodi, na nitasubiri.