Mama Hapana, Aliyeikatalia Sauti Aliyoiamini

Wazee wetu, viongozi wa dini, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, naye aliniagiza mapema kwamba nisimpambe kupita kiasi, maana alisema watu wakifa wote hugeuka malaika, na mwisho mtu hajui aliyezikwa ni nani, basi nitajitahidi kumsema kama alivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 11 Agosti 1964 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi umeme wa reli na mshonaji wa nguo, tulioishi katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni, nyumba zilizotikisika kila gari moshi lilipopita, hata vikombe vikagongana kabatini, na mama yetu alizoea kusema kwamba sisi wengine wote tulilia tulipotikiswa, ila yeye alitulia na kukodoa macho, kana kwamba anauliza kitu hicho kinapata wapi nguvu zote hizo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1972, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1984, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu stashahada ya elektroniki mwezi Novemba 1987, na huko chuoni ndiko alikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, katika chumba chenye zulia na feni mbili ambamo wanafunzi walivua viatu mlangoni na kunong'ona kama waingiao mahali patakatifu. Wenzake waliinamia madaftari, yeye akabaki amesimama na soksi zake zilizotoboka, mpaka mkufunzi akamuuliza, "Wewe mbona huandiki?" naye akajibu, "Nashangaa kwanza, mwalimu, kuandika nitaandika baadaye," na tabia hiyo ya kushangaa kwanza hakuiacha hadi anaingia kaburini.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa katika kiwanda kinachotengeneza hewa ya oksijeni kwa ajili ya hospitali, akianza kama fundi wa vipimo katika ukumbi wa mitambo, na mwaka 2003, kiwanda kilipoziunganisha kompyuta zake na mtandao, akakabidhiwa ulinzi wa kompyuta hizo, kazi ambayo wakati huo wengi hawakuiona kuwa kazi, maana mlinzi waliyemjua ni yule wa getini mwenye rungu. Ni katika kazi hiyo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo, Mama Hapana, kwa sababu ukimwomba akufungulie mtandao kwa njia ya mkato atasema hapana, ukimwomba neno la siri la mwenzako aliye likizo atasema hapana, na mafundi walitaniana kwamba huyu mama ukimpa shikamoo atakuomba kitambulisho kwanza ndipo aitikie.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1991 na mwalimu wa hisabati aliyepanga nyumba ya jirani, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye husimulia kwamba siku alipomposa binti alikaa kimya muda mrefu, na wenzake wakamhurumia, lakini yeye moyo ulimtulia, kwani hapana ya mwanamke yule haikuwahi kuchelewa. Mungu akawajalia watoto watatu, wavulana wawili na msichana kitindamimba, ambaye sasa ni muuguzi, na wajukuu wanne.

Sasa nifike kwenye siku ambayo wengi wenu mmeisikia ikisimuliwa, na mara nyingi ikisimuliwa vibaya. Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Novemba 2021, mkurugenzi wa kiwanda akiwa safarini kwenda mkutanoni, simu ya mezani kwa marehemu iliita, na aliyesema upande wa pili alikuwa mkurugenzi mwenyewe, kwa sauti yake nzito, kikohozi chake kifupi katikati ya sentensi, hata ile desturi yake ya kumwita dada mkubwa, akamweleza kwamba yuko uwanja wa ndege, kwamba waliowauzia mitambo wamegundua hitilafu inayoweza kulipua tangi kuu, na kwamba awafungulie mafundi wa huko njia ya kuingia katika kompyuta za mitambo wakiwa huko huko kwao, sasa hivi.

"Hapana, bosi," alisema. "Kata, nikupigie mimi."

"Unaelewa ninachokwambia? Watu watakufa, dada mkubwa, na itakuwa juu ya kichwa chako."

"Nimeelewa. Kata, nikupigie."

Sauti ikamwambia kwamba akiiweka simu ile chini, kesho asihangaike kuja kazini, naye akaiweka chini.

Hapa ndipo watu hukosea, husema kwamba aliitambua sauti ya bandia kwa ujuzi wake, la, hakuitambua, alituambia mwenyewe zaidi ya mara moja kwamba aliamini kwa moyo wote kuwa yule ni bosi wake, aliamini tangi litalipuka, alikosea kubonyeza namba mara kwa mara, na bado akashika kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe miaka ya nyuma, kwamba hakuna afunguliwaye mlango kwa simu aliyoipiga mwenyewe, bali apigiwe yeye kwa namba inayojulikana, na mtu wa pili aridhie, kwa kuwa, alisema, mtu aliyetulia ana akili kuliko mtu aliyetishwa, hata kama ni mtu yule yule.

Simu ya mkurugenzi haikupatikana, basi marehemu akawaagiza mafundi wakasome kipimo kilichofungwa kwenye tangi lenyewe, wakamjibu kwamba tangi halina neno, na yeye akashuka mbio ukumbi wa mitambo, ambako alikuta namba zikibadilika kwenye skrini bila mkono wa mtu, moja ikipanda, nyingine ikishuka, na kumbe sauti ile ile ilikuwa imempigia naibu meneja wa uzalishaji robo saa kabla, na naibu, mtu mwaminifu aliyetishiwa vifo vya watu, alikuwa ametoa neno lake la siri. Marehemu hakumuuliza mtu ruhusa, alifungua kabati la nyaya zilizounganisha kompyuta na mitambo akazing'oa kwa mikono miwili, nyaya zote, skrini zikazima, mitambo ikanyamaza, na waliokuwapo wanasema hawajasikia kimya kizito namna ile, maana kila mmoja alijua kuna wagonjwa wanaopumua kwa kazi ya ukumbi ule.

Kompyuta nyingi tayari zilikuwa zimefungwa na wahalifu, hazikufaa kitu, hivyo ilibidi kiwanda kiendeshwe kwa mikono kama kilivyoendeshwa alipoajiriwa, na marehemu akaanza kuwapigia wastaafu, mmoja baada ya mwingine, nao, kwa kuwa alikuwa amewafundisha vizuri, kila mmoja alikataa kumsikiliza mpaka akate na kumpigia mwenyewe. Walikuja na spana zao, wengine na fimbo, mmoja ameletwa na mwanawe kwa pikipiki akiwa bado na kandambili, wakavaa ovaroli za kuazima, wakashika vali wakipaziana sauti za vipimo kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, zamu kwa zamu, wiki nzima, na mitungi ikajaa, na malori yakaondoka, na hakuna hospitali hata moja iliyokosa hewa. Marehemu alisimama katikati yao, machozi yakimtoka bila kuyafuta, na baadaye alimwambia mumewe kwamba katika maisha yake hajapata kuona jambo kubwa kama lile, kiwanda kizima kikipumua kwa mikono ya watu.

Mkurugenzi aliporudi alisikilizishwa simu ile, kwa kuwa simu za ofisini zilikuwa zikirekodiwa, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, kisha akasema polepole, "Huyu ni mimi. Hata mke wangu angefungua mlango." Wataalamu wakaeleza kwamba wahalifu walikuwa wamechukua hotuba zake zilizo hadharani, wakazilisha katika programu ya akili bandia, nayo ikajifunza kusema kama yeye, mpaka kikohozi, hata lile jina la dada mkubwa alilomwita marehemu katika hotuba hizo.

Bodi ilipokutana kumfukuza kazi naibu meneja, marehemu aliomba nafasi ya kusema, akauliza, "Mnamfukuza kwa kosa gani, kwa kumtii bosi wake? Sauti iliyomdanganya yeye ilinidanganya na mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na komeo la pili, yeye hakuwa nalo, na hilo kosa ni la kiwanda kizima." Naibu akabaki kazini, kanuni ikawa ya kila idara, kuanzia chumba cha mkurugenzi hadi getini, na wawili wale, ambao kabla ya hapo hata salamu zao zilikuwa za juu juu, wakawa ndugu.

Mwaka uliofuata kiwanda kiliweka mlinzi mpya, naye pia ni akili bandia, programu iliyojifunza mwenendo wa kila kompyuta na kubisha hodi inapoona jambo geni, na marehemu, ambaye tulidhani angeichukia, alikuwa akikaa mbele yake kama yule msichana wa soksi zilizotoboka, akiwaita wenzake waje waone ilivyonusa jambo ambalo jicho la mtu lisingeliona, ila aliisifu kama mtu anavyomsifu mtoto wa jirani, kwa dhati, bila kusahau kwamba si wake. "Aliyeiba sauti na huyu anayelinda ni watoto wa tumbo moja," alisema, "msimwache hata huyu mwema afunge milango peke yake."

Mwezi Februari 2023 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza, tukadhani ni mafua, na vipimo vikaonyesha kuwa ni saratani ya koo, naye akafanyiwa upasuaji Jumatatu tarehe 17 Aprili 2023, akatolewa kisanduku cha sauti, akarudi nyumbani mzima wa akili na bubu. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba ipo mashine ambayo mgonjwa akiiandikia husema kwa sauti yake mwenyewe ya zamani, na naibu meneja akaja na rekodi za mafunzo yake ya kazini, zilikuwa nyingi, lakini marehemu alikataa kwa kichwa, siku nyingi akakataa, mpaka mumewe akamwambia, "Najua miaka yote unawafundisha watu wasiamini sauti. Mimi siombi niiamini. Naomba niisikie tu."

Akakubali kwa masharti mawili, kwamba mashine isiseme neno asiloliandika yeye, na kwamba siku atakapofariki sauti ifutwe, pasibaki nakala popote. Siku ilipowashwa sebule ilijaa watu, shemeji akakaa mbele kabisa, marehemu akaandika neno moja, na mashine ikasema kwa sauti yake ile ile kavu, "Hapana," tukacheka mpaka tukalia, naye akaigusa ile mashine kwa ncha ya kidole, ametabasamu, kama mtu anayegusa kitu asichokielewa chote.

Kitindamimba ndiye aliyeshindwa kulikubali sharti la pili, akamsihi mama yake aiache sauti hiyo kwa ajili ya watoto atakaowazaa, na marehemu akaandika taratibu, mashine ikamjibu, "Mwanangu, mkiiacha, siku moja itawaambia neno nisilolisema, nanyi mtaliamini kwa sababu mtakuwa na hamu nami." Binti akauliza, "Na nikiwa na hamu nawe, nifanye nini?" Akaandikiwa, "Simulia wewe."

Ugonjwa ulirudi mwanzoni mwa mwaka huu, na Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, adhuhuri, akiwa wodini na mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, mashine akiwa ameisukuma pembeni, dada yetu alitutoka.

Jana alasiri naibu meneja aliileta ile mashine sebuleni kutoka wodini, tukakaa tukiitazama, shemeji akaivuta karibu akaanza kuandika, tukajua anataka kuisikia mara ya mwisho, kisha akasita kwenye neno la kwanza, akalifuta, akasema, "Si maneno yake haya," akaisogeza kwa binti yake. Binti akaifuta sauti ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe, akahakikisha, akahakikisha tena kama alivyofundishwa, kisha akawageukia watoto wa kaka zake waliokuwa sakafuni, akaanza kuwasimulia habari za bibi yao, sauti ikimkatika na kurudi, na hakuna aliyesimama mpaka alipomaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu siku ya kwanza bila kuchoka, majirani mliotuletea viti, maji na mikono yenu, uongozi na wafanyakazi wa kiwanda, na wastaafu wale, ambao nawaona mmekaa safu moja kama siku ile, na naibu meneja, ambaye kwetu si mgeni tena. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, aliyesahauliwa asione vibaya.

Dada yetu, tumekusema kadiri tulivyoweza, kwa sauti zetu wenyewe. Pumzika sasa kwa amani, milango tumeifunga.