Kinoo cha Benchi la Waongo

Msiniulize nani kanisimulia. Nilikuwepo mwenyewe, nimeketi katikati ya Benchi la Waongo, kiti cha wapiga soga wa kijiji, pale mfereji wetu unapopinda kuelekea kanisani, na macho yangu hayajadanganywa tangu niache shule darasa la sita. Friesland nzima, mkoa wetu wa mifereji, barafu ilikuwa imeshika juu ya maji, baada ya miaka saba ya mvua tupu. Saa nane mchana Tjalling, tarishi wetu, alikuwa ashindane na Sietske wa kijiji cha ng'ambo mbio za kuteleza barafuni kwa viatu vya visu, na masharti ni yale yale ya mababu: kijiji kikishindwa, kinafagia barafu ya mwenzake mpaka iyeyuke. Sasa ilikuwa saa saba na nusu. Mazoezini Tjalling alikuwa ameanguka mara tatu. Viatu vyake vimebanwa kwenye fremu ya mbao, visu juu, naye anavinoa jasho likimtoka kwenye baridi ile.

— Taratibu, Tjalling! akasema Gerlof, tunayemwita Askofu kwa sababu hata akiomba chumvi anahubiri. Mwenda pole hajikwai.

— Mwenda pole anafagia, Askofu. Nina nusu saa!

— Mafuta hayo unayonolea ndiyo mabaya, akadakia Hylke Dira, aliyewahi kuendesha mashua ya viazi na tangu hapo anajua kila kitu. Tia mafuta ya bata bukini. Umewahi kuona bukini akianguka barafuni?

— Kila siku.

— Basi huyo hajanolewa vizuri.

— Wewe Dira, kichwa chako kimeganda kabla ya mfereji, akasema Tjalling.

— Cheka tu. Baridi inatoka wapi?

— Kaskazini.

— Na visu vinatazama wapi? Kusini! Chuma kitajuaje kinakokwenda?

Tjalling, maskini, akaigeuza fremu.

— Marehemu baba alinoa bila kupumua, Askofu akaendelea. Pumzi ina joto, na chuma ni kama mtoto mchanga. Maji yakimwagika hayazoleki!

— Yakiganda yanazoleka, nikamwambia. Kwa koleo.

— Umesugua mara ngapi? Dira akauliza.

— Mia mbili na kumi.

— Ndiyo maana! Mguu wa kulia hautaki namba inayogawanyika kwa mbili.

Tjalling akasugua mara moja zaidi, amebana pumzi, uso mwekundu kama nyanya.

— Angalau kinoo ni cha kuaminika, akahema. Hiki kimekinolea kijiji kizima.

Mimi nikajimiminia kahawa.

Hapo akatokea Sietske, viatu begani.

— Hamjambo, waongo.

— Hatujambo, mfagiaji wa kesho!

Akasimama, akatazama.

— Jirani, leo umenoa mara ngapi?

— Mara nne.

— Na bado unaanguka?

— Nazidi kuanguka.

— Nauliza tu. Hicho kinoo chenyewe kimenyooka?

Sietske akachukua kisu chetu cha mkate, akalaza mgongo wa kisu juu ya kinoo. Katikati pana bonde. Akakata kipande cha jibini, akakipitisha chini ya kisu, kikatokea upande wa pili hakijaguswa.

— Kinoo chenye bonde kinakula kingo za visu, akasema. Kadiri unavyonoa ndivyo unavyoviharibu. Nani mwenye hiki? Na kiangazi anakifanyia nini?

Macho yote yakamgeukia Askofu Gerlof. Kahawa nayo ikawa imekwisha.

Tjalling alipovuka mstari wa mwisho, Sietske alikuwa ameshamaliza bakuli la pili la supu ya njegere.

Nayaandika haya ng'ambo ya mfereji, ufagio umeegemea goti langu. Yote ni kweli, isipokuwa kipengele kimoja nilichokitia mwenyewe ili kunogesha: macho hayakumgeukia Gerlof. Kinoo ni changu. Na shoka langu, nililolinoa hapo kiangazi kizima, lilikuwa linanyoa ndevu.