Mzee Wepukhulu na Kompyuta Zilizoambiwa Zimezeeka

Ijumaa hii, tarehe 28 Septemba 1990, Mzee Nicanor Wepukhulu anafunga kazi baada ya miaka ishirini na minane na nusu katika Ushirika wa Mbegu wa Sosiani, hapa Eldoret. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa furaha na nisichokoze mtu. Furaha ninayo. Hilo la pili nitajaribu.

Aliingia Machi 1962 kama fundi wa mizani na taipureta. Wakulima wa Chepsaita wanamsimulia mpaka leo. Hakupima gunia la mtu yeyote kabla yeye mwenyewe hajapanda kwenye mizani mbele ya watu wote. Uzito wake ulikuwa kilo sitini na nane, kila mkulima aliujua, na mizani ikisema sitini na tisa kazi ilisimama mpaka irekebishwe. Siku za kupima alikuja bila kunywa chai ili asiongezeke. Miaka ishirini hakunenepa hata kidogo, na mkewe, Mama Nabwire, anasema alilaumiwa bure na mawifi kwamba hamlishi kaka yao.

Ndiyo, Mzee ni mtu wa kushuku. Wageni wakicheka naye sana, anawashuku zaidi. Kompyuta zetu tano zilipofika mwaka wa 1986, alipelekwa kozi ya wiki mbili Nairobi, kisha akakabidhiwa chumba chake cha mashine. Kila sanduku lilifunguliwa mbele ya mashahidi wawili. Akashika bisibisi, akafungua kila kompyuta na kuandika kwenye daftari lake vyote alivyovikuta ndani, hata visivyokuwepo. Ukurasa wa kwanza una maneno haya kwa mwandiko wake: safu mbili za matundu ya chipu, tupu, kwa nini? Alipomaliza, alizifunga na kupaka kila skrubu ya nyuma rangi nyekundu ya kucha, ili mtu mwingine akifungua, ijulikane. Chupa ya rangi ilikuwa yangu. Aliiazima kwa dakika tano na sijaiona tena.

Mimi Waceke niliajiriwa mwezi ule ule zilipofika, pamoja na Jeruto na wenzetu watatu, karani mmoja kwa kila kompyuta, kuingiza rekodi za mbegu za wakulima. Siku ya kwanza Mzee alininyang'anya mkoba mlangoni. Kifungo chake kilikuwa cha sumaku, naye alikuwa amefundishwa kozini kwamba sumaku inaharibu disketi. Nilikasirika! Nilimwona mzee wa kijijini anayeogopa vitu asivyovijua. Kumbe kati yetu sote ni yeye aliyekuwa anavijua.

Novemba mwaka jana ikaja barua kutoka kwa kampuni iliyotuuzia kompyuta hizo. Ilisema kuna toleo jipya la mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoamsha kompyuta kabla ya kazi nyingine yoyote kuanza. Toleo hilo linataka memori kubwa kuliko tuliyo nayo. Toleo la zamani hawatalihudumia tena. Kwa hiyo kompyuta zetu, ambazo hazikuwa zimetimiza hata miaka minne, zilikuwa zimezeeka, na dawa ilikuwa kununua mashine moja mpya yenye nguvu, inayofanya kazi ya zote tano. Muuzaji wao alikuja mwenyewe, mpole, tai imenyooka, akatuletea kalenda. Aliondoka na kompyuta namba tatu, ati ikapimwe Nairobi. Baada ya wiki tatu wakaandika kwamba haiwezi kabisa toleo jipya, na wameitupa.

Mashine moja, karani mmoja. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta. Wanne kati yetu tungepigwa kalamu kabla ya Pasaka, na Jeruto ndiye aliyekuwa na kasi kuliko sisi. Nilikuwa na watoto wawili na nyumba ya kupanga Langas. Nasema bila aibu, nililia chooni, na nikatoka nikamkuta Mzee ameketi anasoma barua ile mara ya nne. Aliniuliza jambo moja tu. Hilo toleo jipya litafanya kazi gani ambayo la zamani halifanyi? Sikujua. Hakuna aliyejua. Hata muuzaji alipoulizwa alisema ni la kisasa.

Januari Mzee alimpeleka bintiye, Nabwire, kujiandikisha katika chuo kimoja cha makatibu hapa mjini. Wazazi wengine waliangalia madarasa. Yeye alizunguka nyuma ya kompyuta. Ya pili kutoka dirishani ilikuwa na rangi nyekundu kwenye skrubu, mbili zimebanduka. Namba tatu yetu! Haikuwa imetupwa popote. Ilikuwa inafanya kazi, na kwenye kioo chake lilikuwa limeandikwa jina la lile toleo jipya ambalo iliambiwa hailiwezi. Aliomba ruhusa ya kuifungua, mwalimu akakubali, na ndani yale matundu yote yalikuwa yamejazwa chipu za memori. Mwalimu alieleza kwamba chuo kiliinunua mwezi uliopita kutoka kwa muuzaji fulani mpole sana.

Weh! Sisi makarani tulitaka kupiga kelele siku ile ile. Mzee alitunyamazisha. Siku hizi mtu huangalia nyuma yake kabla ya kufungua mdomo, na wengine katika kamati ya Ushirika walikuwa wameshapigiwa simu na kampuni ile. Alisubiri mkutano wa Februari, akaingia na daftari lake. Mwenyekiti alimuuliza mbele ya wote kama yeye ni mpinga maendeleo. Mnajua neno hilo linaweza kumfikisha mtu wapi. Mzee alijibu kwamba hapingi kitu, anaomba tu wajumbe wafunge safari ya dakika kumi kwa miguu. Wakatembea, Mwenyekiti mbele, kofia mkononi, wakaona kwa macho yao.

Namba tatu ilirudishwa baada ya siku nane, na chipu zake zote za memori, bila hata neno la pole. Kwa nyingine nne kamati iliagiza chipu, na Mzee akazipachika mwenyewe Jumamosi moja, moja baada ya nyingine, huku Jeruto akimshikia tochi. Zote tano zinalibeba toleo jipya bila kulalamika. Makarani wote watano tuko kazini, na ukurasa huu nimeupiga kwenye mashine iliyotangazwa kuwa imekufa.

Sasa nije kwenye hili la leo. Julai Mzee alipewa barua ya kustaafu kwa kufikisha miaka hamsini na mitano. Sheria inaruhusu, sikatai. Lakini mkuu wa stoo aliongezewa mitatu, na dereva wa Meneja ana sitini na bado anaendesha. Barua inaeleza kwamba mkuu wa chumba cha mashine sasa anatakiwa awe na diploma ya kompyuta, na Mzee hana. Masharti tena! Nani aliyaandika? Tuliuliza, tukaambiwa yalikuja tu. Mhariri, hapa ndipo nimeshindwa na ahadi yangu. Inaniuma, na nitakuwa mwongo nikiandika vingine.

Mzee Wepukhulu, asante kwa kutushuku sote bila upendeleo. Asante kwa mishahara yetu, na kwa karo za watoto ambao hata hawajui jina lako. Tunakuombea afya na mvua nzuri shambani, na chai ya asubuhi uinywe sasa bila kuogopa mizani. Kaa vizuri na Mama Nabwire, uishi maisha marefu yenye amani.

Mkuu mpya wa chumba anaripoti Jumatatu saa mbili asubuhi. Diploma anayo, na anatoka kampuni ile ile iliyotuandikia barua. Sisi makarani watano tutakuwa tumefika saa moja, na chupa mpya ya rangi ya kucha.