Kaka Aliyeitwa Mara Tatu

Ndugu waombolezaji, shemeji amenituma nisome mimi, akaniomba nisitie chumvi, nami nimemwahidi nitajitahidi, kwa hiyo nitakachosoma kuhusu kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pingamizi, ni kweli tupu, ingawa hakifanani na kweli.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, katika nyumba iliyo nyuma ya soko, mtoto wa kwanza wa mama yetu, mimi nikiwa kitinda mimba, akasoma shule ya msingi ya mtaani hadi darasa la saba, na mwaka 1977 akaajiriwa kwenye ukumbi wa sinema kuendesha mashine ya filamu, kazi aliyoifanya mpaka ukumbi ulipogeuzwa ghala la magodoro. Humo ndimo alimokutana na ile filamu ya kesi ya mauaji, iliyoonyeshwa miezi mingi mfululizo, akaikariri yote, wakili anavyorusha makaratasi, hakimu anavyogonga nyundo, na hasa pale shahidi anapotokea dakika ya mwisho, anasukuma milango miwili, mahakama nzima inasimama. Tangu hapo akawa haambiliki, hata ukimwambia chai imepoa, anapinga.

Alifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981, na msajili alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, ukumbi mzima ulimgeukia bwana harusi. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na kikombe kikivunjika kesi ilisikilizwa sebuleni, Kaka akitetea, shemeji akihukumu, wala sijasikia kwamba Kaka alishinda hata moja.

Sasa nije kwenye yangu. Mwaka 1988 nilishtakiwa kuvunja duka la redio, kosa la kunipeleka gerezani miaka mingi, wakati alasiri ya wizi huo nilikuwa kwa Kaka tukipaka rangi chumba cha watoto, shemeji na watoto wamesafiri, kwa hiyo shahidi wangu duniani alikuwa yeye peke yake. Wakili wetu alimweleza polepole kwamba akae kwenye benchi la korido, askari wa mahakama ataita jina lake, akisikia aitike, aingie, aseme anachokijua, basi. Kaka akatikisa kichwa kukubali. Siku ikafika, askari akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, korido kimya, mimi kizimbani nautazama mlango, kumbe bwana mkubwa yuko chooni, anasikia kila kitu, anangoja dakika ya mwisho. Hakimu, ambaye siku hiyo alikuwa anaumwa jino, akaahirisha kesi, nikarudishwa mahabusu, na ndipo Kaka alipokuja mbio, akausukuma mlango wa kuvuta, akaupiga bega mpaka wakamfungulia, akanyoosha kidole kizimbani na kutangaza, "Mtu huyu hana hatia!", bila kuona kwamba aliyesimama pale ni mtu mwingine kabisa, aliyetoka kukiri kuiba baiskeli, na ambaye nasikia alianza kuingiwa na matumaini. Wakili wetu alijifunika uso kwa jalada.

Nilimkasirikia, sifichi, maana nililala sakafuni wiki nzima kwa ajili ya sinema.

Kesi iliporudi, Kaka alifika kabla ya wafagiaji, akaitika jina lake halijaisha kutajwa, akapanda kizimba cha mashahidi, na mwendesha mashtaka alipomuuliza ana uhakika gani kuhusu siku ile, maneno yote ya filamu yakampotea. "Nilishinda namfokea, mheshimiwa," akasema. "Anapaka rangi vibaya huyu. Waulize majirani, walinisikia mpaka jioni." Majirani wakaulizwa, wakasema ni kweli, walikosa hata usingizi wa mchana, nami nikaachiwa. Hakuna aliyepiga makofi, hakimu aliandika tu akaita kesi nyingine, na Kaka alinung'unika njia nzima kwamba hata nyundo haikugongwa, lakini mkono wangu hakuuachia mpaka nyumbani.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka juzi, akawa analazwa mara kwa mara, akimtaka daktari ajibu ndiyo au hapana, atapona au hatapona, na daktari akijikuna kichwa, Kaka anasema shahidi anakwepa swali. Alifariki tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, shemeji kando yake, mimi nje kwenye benchi la korido, ambalo sikuliacha hata kwenda chooni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu, majirani kwa masikio yao, wenzake wa ukumbi wa sinema, na wakili wetu, aliye hapa nasi leo, ingawa mpaka sasa hataki kuizungumzia siku ile.

Kaka, tangu asubuhi nauangalia huo mlango, nikidhani utausukuma. Pumzika kwa amani, na huko uendako, ukiitwa, itika mara ya kwanza.