Tarehe Tisa Iliyogeuka Nane

Siku hiyo barazani walikuwapo Ngala, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Swabir, Waziri asiye na wizara. Mwinga muuza kahawa. Na Feisal, aliyetengeneza programu ya kuwakumbusha kina mama wa Ukunda na Bongwe siku za chanjo. Aliifanya bure, kwa huruma, na sasa huruma hiyo ilikuwa ikimtoa jasho. Ujumbe wa jana uliwapeleka kliniki siku moja kabla, na mwengine ulikuwa utoke magharibi.

— Hongera, injinia, alisema Waziri. Wenzio huchelewesha watu. Wewe umewawahisha!

— Kompyuta inayotunza tarehe iko ng'ambo, Waziri. Saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Nikiandika tarehe tisa, programu inajaza saa sita za usiku. Kule bado ni saa tatu usiku, tarehe nane, na nane ndiyo inayotumwa.

— Ongeza saa tatu, yakhe! Redio alidakia.

— Na kompyuta ikihamishiwa nchi nyingine?

— Basi iletwe Diani, ikae hotelini hadi izoee.

— Ya nini gharama? Waziri alisema. Jua lichelewe kidogo kuchomoza. Barua naiandika mimi.

Mwinga alicheka hata akamwaga kahawa. Feisal hakucheka. Mbodze wa Bongwe alikuwa akija kutoka kliniki, mtoto mgongoni, leso imelowa jasho. Waziri, kicheko hakijamtoka, aliinuka akamwachia kivuli. Mwinga alimpa maji.

— Hamjambo? Nimeambiwa nirudi kesho.

Hakumlaumu mtu. Feisal alitamani angemtukana.

Redio alimweleza yote, ya ng'ambo hadi ya jua. Mbodze alisikiliza huku akimpepea mtoto kwa ncha ya leso.

— Feisal, kadi ya chanjo ya mwanangu si uliisoma?

— Niliisoma, dada.

— Ina tarehe tu. Sasa hizo saa sita za usiku mlizitia za nini?

Redio alizimika. Feisal alifungua kompyuta yake na kuanza kuzifuta saa hizo.

Ujumbe wa magharibi ulitoka na tarehe peke yake, bila saa. Asubuhi Waziri alimpeleka Mbodze kliniki kwa pikipiki yake, na mtoto akachanjwa.