Filimbi ya Mwindaji

Tulikuwa katikati ya Lualaba, tukitoka soko la Nyangwe kwa mtumbwi wa injini, mzee mmoja mwindaji akaanza kumlalamikia mama aliyekaa mbele yake na mtoto mapajani.

"Shefu wa kijiji anataka turudishe bunduki zote. Mimi si mutu huru? Nguruwe za pori zinamaliza muhogo, na zenyewe hazina serikali!"

"Murudishe tu, papa," mama akajibu bila kugeuka. "Tukisikia mulio wa bunduki tunakimbilia porini, chungu kinabaki ku moto. Nani atajua kama ni vita ao ni nyama?"

"Ndiyo maana nikiua nyama napigaka filimbi, watu wasikimbie, wakuje kuchukua nyama."

Mama akageuka. Hata mimi niligeuka, ingawa hakuna aliyeniita.

"Kumbe ni wewe! Papa, nilikuwa na uchungu wa kuzaa huyu mutoto. Bunduki ikalia, wakaninyanyua wanibebe porini, na mvua inanyesha. Filimbi yako ikalia, wakanirudisha ku kitanda. Asante, papa. Mungu akubariki."

Akampa samaki mkubwa, bila shaka chakula cha mumewe.

"Sasa unaona faida ya bunduki," mzee akasema, amefurahi.

"Bunduki urudishe. Filimbi ubaki nayo."

"Filimbi bila bunduki itasema nini?"

Kabla mama hajajibu, mtoto aliikamata filimbi shingoni mwa mzee, akaipuliza kwa nguvu. Mtumbwi ukagusa ukingo. Wanawake wa kijiji walishuka mtoni mbio na mabeseni, wanacheka: "Nyama iko wapi?"